Yai la Kuachwa Kiotani

Mama alikubali kuhamia kwangu Eldoret kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa na manyoya.

"Kuku zangu zikikaa, nitakaa," aliniambia, akiwa ameketi kitandani mwake kule Timboroa, mguu umefungwa bendeji. "Zikikataa hiyo town yenu, narudi kwangu. Na usikuje kunililia."

Alikuwa ameteleza kwenye umande ulioganda nje ya jiko lake, asubuhi moja ya baridi ya huko juu, akalala chini mpaka muuza maziwa alipopita na kumwona. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Nilikuwa nikifuma sweta za shule kibandani kwangu mjini huku sikio liko kwenye simu, na kila ilipolia niliacha mashine nikairukia. Kwa hiyo hilo sharti la kuku nililikubali kabla hajamaliza kulitamka. Angesema anakuja na ng'ombe wa jirani, ningekubali vilevile.

Kwa kawaida mama angekwenda kwa mwanawe wa kiume, lakini kaka yangu yuko Uarabuni anaendesha lori, na huwezi kumpeleka mama wa Timboroa jangwani. Nikabaki mimi, na mimi nina mume. Hapo ndipo mambo yalipohitaji akili.

Mume wangu ni mtu wa Kakamega, karani katika ghala la mahindi. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaangaliani machoni, na mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, ila heshima yao hupimwa kwa umbali. Kwetu sisi, ambao babu yetu alipanda kutoka Murang'a akitafuta shamba, mambo hayo si makali kiasi hicho. Lakini mama yangu aliposikia kwamba mkwe wake ana mila, aliishika mila hiyo kuliko hata wenyewe waliozaliwa nayo.

Mume wangu alimtengenezea chumba cha nyuma, chenye mlango wake na jiko lake dogo. Alipiga plasta mwenyewe, akapaka rangi, akabadilisha kitasa kwa sababu cha kwanza kilikuwa kigumu kwa mikono ya mtu mzima. Siku mama alipofika, alisimama nje ya geti na kikapu chake mpaka mkwe wake alipoingia ndani ya nyumba kubwa, ndipo naye akaingia. Wakikutana kwenye njia ya bombani, kila mmoja aligeukia upande wake, akikodolea macho sukuma wiki kana kwamba zimeota kitu kipya.

Katikati nilikuwa mimi. Watoto wetu wako shule ya bweni, hivyo hakukuwa na mwingine wa kutumwa.

"Mwambie Mama mvua inakuja, aanue nguo," mume wangu angesema, na mama yuko pale pale, amesikia kila neno.

"Mwambie nimesikia," mama angejibu.

Nilikuwa posta. Na kama posta yoyote, kuna siku nilitamani kufunga saa sita niende zangu.

Kitu kimoja tu ndicho walichoshirikiana bila mimi: banda la kuku. Mume wangu alilijenga kwa mbao na wavu, kwenye kona ya ua. Asubuhi ndiye aliyewafungulia kabla ya kwenda kazini, maana mguu wa mama haukupenda nyasi zenye umande. Jioni, kabla mume wangu hajarudi, mama alikusanya mayai na kuwafungia. Ilikuwa kama kazi ya zamu kiwandani. Hawakukutana, na kuku hawakulalamika.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Majike watano walitaga, jogoo alijigamba kama yeye ndiye aliyetaga, na mama alinenepa mashavu. Kisha mchana mmoja nikamkuta amesimama bandani ameshika kuku mmoja, yule mwekundu, amemgeuza kichwa juani. Mdomo wa kuku ulikuwa na kiini cha yai kilichokauka.

"Anakula mayai yake," mama alisema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mtoto wake ameiba kanisani.

Kama angekuwa kuku wa mtu mwingine, angechinjwa siku hiyo hiyo, maana kila mtu anajua dawa ya kuku mla mayai ni sufuria. Lakini baada ya siku chache hakuwa mwekundu peke yake. Yule wa madoa alianza, kisha mweusi. Ukisikia kuku amelia kwamba ametaga, ungekimbia na bado ungekuta nyasi zimelowa na ganda limebaki kipande.

Tulijaribu kila tulichoambiwa. Mwenye duka la dawa za mifugo alisema wamekosa chokaa, tukawapa chokaa. Mama alikaanga maganda ya mayai, akayasaga unga kabisa ili wasiyatambue, akachanganya kwenye chakula chao. Tulining'iniza sukuma wiki kwa kamba ili wawe na cha kudonoa wasichoke na maisha. Nilishona pazia la gunia nikaliweka mbele ya viota pawe giza. Jirani akatushauri tutoboe yai, tutoe kiini, tujaze pilipili. Nililijaza pilipili mpaka mimi mwenyewe nikapiga chafya. Mwekundu alilimaliza lote, akapangusa mdomo kwenye nyasi, akanitazama kama anauliza kama kuna lingine. Yule mwenye duka akatuambia kuku hasikii pilipili hata kidogo, na angeweza kutuambia hivyo mapema. Halafu akasema dawa ya mwisho ni kuwakata midomo.

"Akate yake kwanza," mama alisema.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Kila yai lililoliwa lilimpunguza kidogo. Alianza kuuliza habari za Timboroa, kama mvua imenyesha, kama ua wake umeshikilia. Jioni moja aliketi mlangoni pake akaniambia bila kunitazama, "Nilikuambia. Wanakataa hii town. Na mimi sitakaa mahali vitu vyangu vimekataa kukaa."

Nilikasirika. Nilikasirikia kuku, nikakasirikia mguu wake, nikakasirikia kaka yangu na lori lake. Nilikuwa nikiona ule umande ulioganda nje ya jiko lake, na safari hii hakuna muuza maziwa anayepita. Mama yangu angekwenda kufa peke yake kwa sababu ya mayai, na nisingeweza hata kumweleza mtu jambo hilo bila kuchekwa.

Jibu lilikuja siku ambayo homa ilinizuia nyumbani. Alfajiri nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikingoja chai ichemke, nikamwona mume wangu akienda kufungua banda. Alichelewa kutoka. Alipotoka, alikuwa amebeba nyasi zilizolowa kwenye gazeti. Akazipeleka nyuma ya shimo la taka, akazifukia kwa jembe, akarudi na nyasi safi. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu aliyezoea.

Aliposhika kikombe chake nilimuuliza alikuwa anafukia nini.

"Asubuhi mingi napata yai moja imeliwa," alisema. "Natoa hiyo uchafu mapema. Sitaki Mama aone, atasikia vibaya."

"Yai limetoka wapi alfajiri? Si Mama hutoa jioni?"

"Anatoa, lakini huwa anaacha moja."

"Na wewe ukikuta halijaliwa huwezi kulichukua?"

Alinitazama kama nimemtukania ukoo. "Nishike yai ya mama mkwe? Aje? Na nitamwambia aje ati amesahau?"

Nikavaa shali nikaenda nyuma kwa mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Nikamuuliza kama jioni hutoa mayai yote.

"Huwezi maliza kiota," alinijibu, akishangaa kwamba amezaa mtu asiyejua hilo. "Lazima uache moja. Kuku akirudi apate hakuna kitu, ataenda kutagia kwa fensi ya watu."

Nilikumbuka. Timboroa, tulipokuwa watoto, tulichapwa kwa kumaliza kiota. Lakini kuku wa Timboroa walilala jikoni na kushinda shambani, na kiota chao kilikuwa mbali na mahali walipolala. Hawa wa Eldoret walifungiwa na yai lao ndani ya chumba kimoja, wakateremka asubuhi wana njaa, na kitu cha kwanza walichokutana nacho ni hicho. Hapo ndipo walipojifunza. Baada ya kuonja la asubuhi, la mchana lingewashinda nini?

"Na hiyo moja unayoacha," nikauliza, "huwa inaenda wapi?"

Mama akatabasamu. Akapunguza sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Si baba watoto anachukua. Asubuhi umande ukikauka, nikienda napata imeenda, na ameniwekea nyasi safi. Hiyo ndiyo asante yake, najua. Siku zingine naacha mbili, sababu kuandika siku mzima si mchezo, mtu anataka nguvu." Akamwaga maharagwe kwenye ungo. "Mimi siwezi kumpikia. Siwezi kumuuliza kama ameshiba. Lakini yai yangu anakula."

Niliketi kwenye kibao chake. Mama yangu alikuwa akimlisha mkwe wake kila siku, na mkwe wake alikuwa akimfichia uchafu kila siku, na kila mmoja alikuwa na raha moyoni kwa ajili ya mwenzake, na waliokuwa wakishiba ni kuku. Na mimi, ili kuwaachisha kuku kula mayai, ingenibidi nimwambie mama kwamba yai lake halijawahi kufika kinywani mwa mtu.

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu tayari. Nikamwambia tuseme daktari amemkataza yeye mayai, asante sana kwa yote aliyokula, na tangu leo mama atoe yote. Hakuna atakayeumia.

"Niseme nilikula kitu sijakula?" alisema. "Ya mama mkwe? Hapana. Hiyo siwezi."

"Basi utamwambia nini, na wewe humwangalii hata machoni?"

Jumamosi alipotoka kazini mchana, hakubadilisha hata shati. Alienda moja kwa moja bandani, akasimama mbele ya wavu, mgongo kwa chumba cha mama. Mlango wa mama ulikuwa wazi, nasi tulikuwa mle ndani tukimenya viazi. Akakohoa.

"Nyinyi kuku," alisema kwa sauti kubwa. "Mnisikie. Ile yai Mama alikuwa anaacha, si mimi nilikula. Ni nyinyi. Mimi nilikuwa natoa maganda tu, juu sikutaka aone." Jogoo akamtazama kwa jicho moja. "Sikujua ni yangu. Kama ningejua ni yangu, singewaachia hata siku moja."

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama kwenye kiazi. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaufunga polepole.

Jioni hiyo hakutoka kufungia kuku, nikawafungia mimi. Kesho yake, baada ya kanisa, nilimkuta akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye mfuko aliokuja nao.

"Mguu umepona," alisema. "Nitaenda kabla mvua iharibu barabara. Kuku utachinja, mle."

"Mama, ni kuku tu."

"Si kuku." Alikunja leso ile ile mara ya pili. "Nilikuwa nafikiria nalisha mtu, kumbe nalisha kuku. Mtu akikaa kwa watu, lazima kuwe na kitu anawapatia. Sasa mimi niko hapa nafanya nini?"

Jumatatu nililia juu ya mashine yangu mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia ni mafua.

Siku iliyofuata mume wangu alirudi na kipande cha mbao alichoomba kwa seremala wa karibu na ghala lao, akaketi kwenye baraza ya nyumba kubwa na kisu na msasa. Yeye ni mtu wa kalamu, na mikono yake ilionyesha. Alichonga mpaka giza lilipokaribia, akajikata kidole, akachonga tena. Kitu kilichopatikana kilikuwa na sura ya kiazi kilichopitiwa na gurudumu. Akakipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye kuta za chumba cha mama.

"Hii ndio itakuwa inaachwa," alinieleza, akikigeuza kwenye mwanga. "Mama anaweza toa zote. Na kuku ikirudi, haitapata hakuna kitu."

Rangi ilipokauka alikitia kiotani mwenyewe, asubuhi ya siku iliyofuata. Siku hiyo niliwahi kurudi kutoka mjini, kwa sababu mama alikuwa amesema kesho yake ndiyo safari. Nilimkuta anakusanya mayai kwa mara ya mwisho, au ndivyo alivyodhani. Nikiwa jikoni nikasikia tok, tok, tok kutoka bandani, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi. Mama alikuwa anacheka.

"Kuja uone hii mjinga!"

Mwekundu alikuwa amesimama kiotani akidonoa lile yai la mbao kwa nguvu zake zote. Alidonoa, akatikisa kichwa kwa maumivu, akalizunguka, akadonoa upande wa pili. Mama alicheka mpaka akashika wavu. Kisha akamsukuma kuku kando, akalichukua, akaligeuza mkononi. Upande mmoja rangi haikufunika alama ya penseli, pale mchongaji alipokuwa amejichorea mstari wa kufuata, kisha akashindwa kuufuata.

"Nani ametengeneza hii kitu?"

"Unamjua."

Alilishika muda mrefu. Mume wangu alikuwa ameshaingia getini bila sisi kumsikia, naye alikuwa bombani akinawa, uso ukiangalia ukuta kama ilivyo desturi. Mama alimwona. Akalirudisha yai la mbao kiotani, akalipanga katikati ya nyasi, akabaki ameinama hapo hapo.

"Sasa," alisema, akizungumza na kiota, "kama mtu amepewa yai imechemshwa, iko kwa sahani, anaweza kula?"

Nilifungua kinywa nipeleke ujumbe kama kawaida yangu. Halafu nikaelewa kwamba sikuwa nimetumwa.

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. "Anaweza, Mama," mume wangu aliuambia ukuta.

"Na chumvi?"

"Kidogo tu, Mama."

Mama akajinyoosha, akachukua bakuli lake la mayai na kuingia chumbani. Alichemsha moja, akaliweka kwenye kisahani na chumvi pembeni, akakiweka kwenye ukingo wa dirisha langu la jikoni kisha akaondoka. Mume wangu alikula amesimama. Alikula taratibu sana, na alipomaliza alikiosha kisahani mwenyewe na kukirudisha pale pale. Safari ya kesho yake haikutajwa tena, na mimi si mjinga wa kuuliza.

Kuku hawakuacha kula mayai kwa siku moja. Yule wa madoa alikata tamaa kwanza, mweusi akafuata, na mwekundu aliendelea kupambana na mbao mpaka nikaanza kumheshimu. Mama alitoa mayai yote, tena mara kwa mara mchana, na kiota hakikubaki kitupu hata siku moja. Mwishowe hata mwekundu alitaga, akasimama, akaliangalia yai lake, akaondoka zake.

Kisha baridi ya Julai ikafika, ile inayofanya hata Eldoret watu wavae makoti ndani ya nyumba. Jioni moja jirani wa mama kule Timboroa alipiga simu. Ni mama wa Kikalenjin aliyeishi naye ua kwa ua miaka yote, na huzungumza Kiswahili kwa sababu hakuna aliyewahi kuijua lugha ya mwenzake. Mama hasikii vizuri, hivyo simu ilikuwa na sauti ya juu, nami nilisikia yote nikipiga pasi chumbani mwake.

"Ile kuni ulipanga kwa ukuta, naangalia tu," alisema jirani. "Imekauka mzuri. Nangoja mwenyewe akuje. Unakuja lini?"

Hizo kuni mama alizikata na kuzipanga mwenyewe kabla ya kuanguka, nazo zingemtosha msimu mzima.

"Hii mvua itaziozesha," alisema. "Beba zote."

"Zote? Na wewe ukirudi utaota moto gani?"

"Beba, mama. Washa. Mimi niko kwangu."

Nilikuwa nimeiomba siku hiyo kwa magoti, na ilipofika sikuwa nimefikiria kwamba ingemuuma. Aliagana na jirani yake, akakata simu, akaketi nayo mapajani. Nilizima pasi, nikatoka nje, nikamwacha alie.